Ndege wa Kuuza

Mwaka jana niliandika sentensi moja ambayo bado nailipia. Nilikuwa nazungumzia zile picha zinazouzwa karibu na Fort Jesus, vitambaa vilivyoning'inizwa ukutani kama nguo za kuanika, nikasema wale si ndege, ni kuku waliopakwa rangi ili Mzungu apate cha kutia kwenye begi. Watu walicheka. Rafiki yangu mmoja aliiweka stetasi siku nzima. Nikajiona mkali.

Mjomba wangu, kaka yake mama, anakaa Tudor, ghorofa ya pili, nyumba ambayo ukisimama roshani unauona mkono wa bahari ukiingia ndani na mikoko ng'ambo. Yeye hana haja na mitandao. Lakini ana binti, na binti ana simu, na kwenye simu nimo mimi. Ijumaa moja, pilau limeliwa na mikono imeoshwa, akaniita.

“Ndoo, mwanangu, keti. Ndiwe uloandika ile habari ya kuku?”

“Ndimi, mjomba.”

Akanyamaza, akachokoa meno. “Mimi nalichora ndege. Mzungu akaja akamnunua. Sasa hapo kosa la ndege ni lipi?”

Hapo ndipo nilipokumbuka. Kujua nilijua siku zote. Tatizo ni kwamba sikuwahi kukuhesabu. Tangu mwisho wa miaka ya themanini hadi 1997 mjomba alichora tingatinga na kuziuza kwenye hoteli za pwani ya kaskazini. Alikwenda Dar es Salaam kwa miezi michache akaketi na wachoraji, akarudi na ujuzi na kikohozi. Nyumbani kazi ile iliitwa “kazi ya vibao”. Hakuna aliyeiita sanaa, hata yeye. Likizo za shule nililala kwenye nyumba yenye harufu ya rangi na tapentaini, na nilipokua nikaanza kuandika habari za sanaa, haikunipitia akilini kwamba vile vibao vya ukumbini navyo vingeweza kuandikwa.

Siku ile sikuwa na jibu. Nilimaliza chai nikaenda zangu. Makala hii ndiyo jibu, limechelewa miezi kadhaa, na njiani limepitia Dar na Japani.

Tuanze na mwenye jina. Kenya ukisema “Tinga” watu wanafikiria siasa, trekta ya chama cha NDP na Raila Odinga. Ukisema “tingatinga” mjenzi wa barabara anafikiria mashine. Wa rika langu wanakumbuka katuni, Tinga Tinga Tales, iliyotengenezwa Nairobi ikaanza kuonyeshwa 2010. Kwamba lilikuwa jina la mtu, jina la babake, wengi hatujui. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa 1932 upande wa Tunduru, kusini mwa Tanzania, baba Mwislamu, mama Mkristo. Miaka ya hamsini akaondoka, kama vijana wengi wa kusini walivyoondoka, kwenda kutafuta kibarua kwenye mashamba ya mkonge Tanga. Kutoka huko akateremka Dar, akawa mtunza bustani kwenye nyumba ya Mzungu, akafanya na hiki na kile. Mwaka 1968, akiwa mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, akaanza kuchora. Alikuwa akikaa Oysterbay, nje ya duka la Morogoro Stores, chini ya mbuyu, mahali ambapo wageni waliokuwa wakifanya kazi Dar walikuja kununua mahitaji ya nyumbani. Mkewe, Agatha Mataka, alisaidia kuuza. Baadaye akapata kazi hospitali ya Muhimbili, lakini brashi hakuiweka chini. Mwaka 1972 polisi wakalipiga risasi gari alilokuwamo wakidhani ni la wezi. Akafa.

Miaka minne. Kuna watu wamekaa chuo kikuu zaidi ya hapo kwa sababu ya migomo tu.

Kuhusu alikotoa mtindo wake wataalamu wamebishana sana. Wapo wanaosema aliona picha za Wakongo zikiuzwa Dar akajiambia hata mimi naweza. Wapo waliokwenda kutafuta chanzo kwenye kuta za nyumba za kusini, zile za udongo zinazochorwa wanyama na watu. Ugomvi huo nauacha kwa wenye muda. Kinachonivuta mimi ni kopo la rangi.

Alichorea hadibodi, kipande cha mraba cha kama sentimita 60 kwa 60, na rangi yake ilikuwa ile ya kung'aa inayopakwa baiskeli. Hatuizungumzii vya kutosha rangi hii, na ndiyo iliyobeba nusu ya kazi. Ni nzito, inanata, inakauka taratibu. Ukitia nyekundu juu ya manjano mbichi unapata matope. Kwa hiyo unapaka usuli kwanza, rangi moja ubao mzima, unangoja. Unachora mwili wa mnyama, unangoja. Unatia madoa, unangoja tena. Kila rangi inakaa kwake na mpaka wake, haiombi ruhusa kwa jirani. Kivuli hakuna. Ule ulaini wa rangi kuyeyuka ndani ya nyingine, tuliofundishwa kuuita ustadi, hapa haupatikani, kopo halikuruhusu. Watu wameangalia matokeo wakasema ni uchoraji wa kitoto. Hebu jaribu wewe. Mimi nilijaribu roshani kwa mjomba, nikatoa kitu kama ajali ya barabarani.

Ukizitazama picha za Tingatinga mwenyewe, ambazo ni chache sana ukilinganisha na zinazobeba jina lake leo, jambo la kwanza ni jinsi zilivyo tupu. Mnyama mmoja, au ndege na kitawi chake, katikati ya ubao. Nyuma rangi moja. Hakuna mlima Kilimanjaro, hakuna jua linalotua, hakuna Mmasai. Jicho kubwa linakuangalia. Yaani mtu huyu, aliyekuwa akichora kwa ajili ya kuuza, mbele ya duka, kwa wateja waliotamani Afrika nzima ndani ya fremu, aliwapa chui mmoja na hewa. Hiyo si tabia ya mtu anayekisia mteja anataka nini. Waliomfuata ndio waliojaza. Ndege wawili wakawa kumi, kitawi kikawa mti, mti ukaota maua ya kila rangi iliyobaki kwenye makopo. Wengine walijaza kwa akili: David Mzuguno alibananisha majani na ndege mpaka ubao ukawa msitu usiopitisha upepo, na ukikaa nao unaanza kusikia kelele zake. Wengine walijaza kwa sababu nafasi tupu inamtia mteja wasiwasi kwamba amepunjwa.

Mjomba ana kibao kimoja tu kilichobaki. Kiko ukumbini, juu ya friji, kimeegemea ukuta. Ni yangeyange mweupe amesimama kwenye mzizi wa mkoko, nyuma buluu tupu. Miguu yake mirefu ni myeusi na vidole ni vya manjano, manjano kali, kama mtu aliyevaa soksi za shule nyingine. Tangu utotoni niliichukulia ile manjano kuwa ndiyo tingatinga yenyewe: mtu ana kopo la manjano, anatafuta pa kulimaliza. Hata nilipoandika ile sentensi ya kuku, sasa nikijikagua vizuri, nadhani vile vidole vilikuwamo kichwani mwangu.

Wiki moja baada ya lile pilau niliteremka hadi majini. Maji yalikuwa yamekupwa, tope linanuka, vijana wanachokora chambo. Yangeyange walikuwa wanne. Mmoja akainua mguu kutoka kwenye tope, akaukung'uta.

Manjano. Vidole vya manjano, mguu mweusi.

Nimeishi kisiwa hiki miaka ishirini na saba. Nimewaona yangeyange maelfu, kwenye tope, kwenye jalala, kwenye uwanja wa mpira. Sikuwahi kuiona miguu yao. Mchoraji wa vibao aliiona, akaiweka kwenye hadibodi, na mimi nikamsahihisha.

Sasa Japani. Nilifika huko kwa njia ya mzunguko. Wajapani wameipenda tingatinga kupita kiasi, wameikusanya na kuionyesha kwao, na ndani ya Maasai Mara kuna hoteli yao, Mpata Safari Club, yenye jina la Simon George Mpata, mmoja wa wanafunzi wa kwanza kabisa wa Tingatinga. Nikajiuliza wanaona nini. Nikaanza kusoma habari za uchoraji wao, nikakuta wana aina nzima, ya karne na karne, inayoitwa kachō-ga. Maana yake ni picha za maua na ndege, basi. Hazina vita wala wafalme. Ndege, ua, labda mwezi. Na mtu anaweza kuifanya kazi hiyo maisha yake yote asiulizwe atakua lini.

Kati ya wachoraji wa aina hiyo aliyenikamata ni Ohara Koson. Alizaliwa Kanazawa 1877, akafanya kazi Tokyo. Vilipozuka vita vya Japani na Urusi, 1904 na 1905, alichora na picha za vita, kwa kuwa ndizo zilizouzwa. Vita vilipokwisha akarudi kwa ndege wake. Kazi zake nyingi ni chapa za mbao: yeye anatoa mchoro, mchongaji anauchonga kwenye ubao, mpiga chapa anapaka rangi na kukandamiza karatasi, na mchapishaji ndiye mwenye mtaji na soko. Kutoka 1926 hivi alifanya kazi na mchapishaji Watanabe Shōzaburō, akatumia jina la Shōson. Soko lenyewe lilikuwa wapi? Kwa kiasi kikubwa Marekani na Ulaya. Mwaka 1930 chapa zake zilikuwa kwenye maonyesho makubwa ya Toledo, kule Ohio. Kwao aliwekwa kando miaka mingi, hesabu yake ikawa ni mtu wa bidhaa za nje. Mwaka 2001 jumba la makumbusho la Rijksmuseum, Amsterdam, lilimfanyia maonyesho yake peke yake.

Unaona nilipokwama. Huyu bwana alichora ndege kwa ajili ya Wazungu. Kwa kipimo changu mwenyewe alikuwa mpaka rangi kuku.

Ila nenda kawatazame. Rijksmuseum wameziweka chapa zake mtandaoni, bure, unaweza kukuza mpaka uhesabu manyoya. Yangeyange wake, nao anao wengi, wamesimama kwenye theluji au mvua, weupe juu ya kijivu, na mwili mzima wa ndege umeachwa karatasi tupu. Ni usuli unaomchonga. Mpiga chapa alikuwa akiifuta rangi ubaoni kidogo kidogo ili anga lianze zito juu na kuisha jepesi chini. Jambo ambalo rangi ya baiskeli haiwezi, na wala haina haja. Anaye kasuku mweupe mwenye kishungi, wa 1927, juu ya mkomamanga, na unaona kabisa uzito wa ndege unavyolivuta tawi. Na anao kunguru.

Hapa sharti nisimame kidogo, kwa sababu mimi ni mtu wa Mombasa na kunguru kwetu ni kesi. Wetu ni yule wa shingo ya kijivu aliyeletwa kutoka upande wa Bara Hindi. Aliingia Afrika Mashariki kupitia Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na tangu hapo ameifanya pwani yote kuwa ya kwake. Anakula vifaranga, mayai ya ndege wengine, sabuni, mkate uliogeuza macho sekunde mbili. Mwaka 2024 serikali ilitangaza mpango wa kuwaangamiza milioni moja. Sikusikia aliyelia. Kunguru wa Koson ni mweusi tititi, jamii nyingine, lakini ni kunguru. Amekaa kwenye tawi usiku, mwezi nyuma yake, hana analofanya. Mchoraji hakumsamehe wala hakumlaumu. Nilipomwonyesha mjomba kwenye simu, aliitazama muda mrefu kuliko nilivyotarajia, akasema, “Huyu yuwafikiri atakapoiba.” Kisha: “Tazama mato yake.”

Nasi tuna shida yetu na ndege, ya lugha. Wazee wa pwani walimwita nyuni, na neno ndege lenyewe lina maana ya pili ambayo vijana tunaisahau: ishara, bahati ya safari. Ndege njema, ndege mbaya. Bundi akitua paa mtu anasoma dua. Kwa hiyo kwetu ndege hajawahi kuwa ndege tu. Amebeba ujumbe, na macho yetu yanaruka manyoya yaende kwenye ujumbe. Nadhani ndiyo sababu mojawapo picha ya ndege aliyesimama tu, asiye na habari, tunaiona haina kitu. Tunangoja itafsiriwe. Hakuna tafsiri. Ni yangeyange.

Kuna tofauti moja kati ya watu hawa wawili ambayo sitaki kuipitia haraka, nayo ni nakala. Chapa ya Koson inatoka nyingi kwa ubao mmoja, na hakuna anayeita ya kumi bandia. Tingatinga haina mashine. Anayetaka kunakili lazima achore upya, kwa mkono, kutoka usuli hadi doa la mwisho. Baada ya kifo chake wanafunzi waliendelea pale pale Morogoro Stores, na mwaka 1990 wakasajili ushirika wao, Tingatinga Arts Co-operative Society. Kunakili ndiyo shule yao. Mwanafunzi anarudia tausi wa mwalimu mara hamsini. Kila mara kuna nafasi ya kutazama upya, na kila mara kuna nafasi ya kutotazama kabisa, mkono ukaenda wenyewe kama mpishi wa chapati.

Nilirudi Fort Jesus mara tatu mwaka huu. Mara moja kulikuwa na meli ya watalii bandarini na ukuta wote ulikuwa umevaa. Nilitembea taratibu hadi mwanzo wa Ndia Kuu na kurudi. Na hapa sitajifanya nimeokoka: picha nyingi bado ni mbaya. Lakini safari hii naweza kusema kwa nini ni mbaya, na wanunuzi hawamo kwenye sababu. Ndege hawakai kwenye matawi. Miguu imechorwa kando ya tawi kama vichana viwili, haishiki kitu. Ukilitoa tawi ndege hatajua. Macho ni duara lenye nukta, yale yale kwa flamingo, kanga, tausi. Maua yanafuata rangi zilizopo. Kijana mmoja aliniambia bila aibu, na sikuona sababu ya yeye kuona aibu, kwamba saizi hii anaimaliza kabla ya adhuhuri, ana kodi. Nikamuuliza ndege yule ni ndege gani. Akacheka. “Ni wa buluu, bro.”

Halafu, katikati ya hao, nikamkuta kanga mmoja. Kwenye kitambaa kidogo, chini kabisa, karibu na viatu vya muuzaji. Madoa yake hayakuwa sawa: makubwa mgongoni, yakipungua kuelekea shingoni, na mahali bawa linapokunjika yalikuwa yamebanana. Mtu fulani alikuwa amemtazama kanga. Bei ilikuwa ile ile ya wa buluu. Muuzaji hakujua nani alimchora, vilikuja kwenye furushi.

Ndiyo maana ile sentensi yangu ilikuwa na kosa hata kama ilichekesha. Nilitazama mnunuzi ni nani nikadhani nimeshaitazama picha. Ni njia rahisi sana ya kuhakiki, haikuhitaji hata nisimame. Na ina harufu ya dharau ya kitabaka ambayo sikuitambua kwa sababu ilikuwa yangu. Mchoraji wa Nairobi anayemuuzia Mjerumani picha ya vurugu kwa laki tatu tunamwandikia kurasa nne. Wa Ndia Kuu anayemuuzia Mjerumani huyo huyo kanga kwa elfu moja na mia tano tunamwita mtu wa mapambo. Wote wawili wanamtegemea Mjerumani apande ndege.

Na Mjerumani asipokuja? Hili Koson na mjomba wangu wangelielewana bila mkalimani. Japani na Marekani zilipoingia vitani 1941, soko la ndege wa Koson lilikuwa upande wa pili wa vita. Alikufa Tokyo 1945. Huku kwetu ilikuwa Agosti 1997, vurugu za Likoni. Waliokuwepo wanajua hoteli zilivyokauka: vitanda vimetandikwa, hakuna wa kulala, wafanyakazi wakarudishwa makwao kwa mamia. Hoteli aliyokuwa akiipelekea kazi mjomba ilikuwa inamdai vibao na kumdai subira. Pesa alizokuwa akiwadai yeye hazikuja. Akauza makopo yaliyobaki, akaanza kupaka mageti na mabango ya shule. Hiyo ndiyo kazi iliyomsomesha binti mwenye simu.

Mwezi uliopita nilimwendea nikamwomba nipige picha kile kibao niiweke na makala hii. Alikataa. Akasema kina vumbi. Nikasema nitakifuta. Akasema siwezi, nitakikwaruza. Akakiteremsha mwenyewe kutoka juu ya friji, akaketi nacho mapajani, akalitia maji pindo la kikoi akaanza kufuta, kutoka mdomo, shingo, bawa, akashuka kwenye miguu. Nikamwambia nilimwona yangeyange tope, na vidole. Hakushangaa. “Kuna mgeni aliurudisha mmoja,” akasema, “ati nimekosea rangi. Nikampaka weusi, akalipa.”

Nikauliza kama hiki hakukiuza kwa sababu alikipenda.

“La. Kiliagizwa. Mwenyewe hakuja.”

Alipofika pembe ya juu, kushoto, nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona kwa miaka yote ile kikiwa juu ya friji. Buluu ya pale si buluu ya kwengine. Kama kiganja kizima, imekoza zaidi, mng'ao wake mwingine, na mstari unaonekana pale mbili zinapokutana. Nikagusa. Hata mguso wake ni tofauti.

“Hapo rangi ilikwisha,” akasema. “Ile buluu nyingine ni ya geti.”

Nikamuuliza mbona hakupaka ubao mzima upya kwa ile ya geti, ifanane. Akakirudisha kibao juu ya friji, akakisogeza kidogo kulia, akakitazama.

“Geti lilikuwa kubwa,” akasema. “Halikubakisha.”